Msigonge Muhuri wa Sayansi kwenye Dawa Isiyopimwa

Mwaka 2006, jijini London, mtafiti mmoja kijana alijifanya msafiri anayejiandaa kuja Afrika, kwenye nchi zenye malaria. Akazipitia kliniki na maduka 10 ya homeopathi akiomba kinga. Kote 10 akaambiwa kinga ipo. Kinga yenyewe ilikuwa vidonge vya sukari vilivyonyunyiziwa maji. BBC ilipoitangaza habari hiyo, madaktari wa magonjwa ya nchi za joto walikasirika, maana walishawahi kuwapokea wodini wasafiri waliorudi na malaria kali baada ya kuamini kinga za namna hiyo.

Msomaji wa Muheza, wa Kisumu au wa Bukavu hahitaji kuelezwa malaria ni nini. Anaijua degedege. Anaujua usiku ambao mtoto anachemka tangu magharibi, na ikifika alfajiri hamtambui tena mama yake. Kwa hiyo anaelewa bila kusaidiwa kwamba anayempa mwenzake sukari na kuiita kinga ya malaria anachezea roho ya mtu.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikiendelea huko huko Uingereza. Katika vyuo vikuu vya umma vya Uingereza, kijana aliyemaliza sekondari aliweza kulipa ada, akasomea homeopathi miaka mitatu, akavaa joho, akakabidhiwa Shahada ya Kwanza ya Sayansi. Hakupewa cheti cha mganga wa mtaani. Alipewa Shahada ya Sayansi, ileile anayopewa aliyekesha maabara kwa ajili ya kemia au baiolojia. Mwaka 2007 David Colquhoun, profesa wa famakolojia wa University College London, aliandika katika jarida la Nature kwamba orodha ya udahili ya nchi ile ilikuwa na kozi 61 za tiba mbadala, na 45 kati yake zilitunuku shahada ya sayansi.

Naandika kuhusu jambo hili kwa hasira, na hasira yangu haimwelekei mwenye duka la sukari. Matapeli wa dawa wamekuwapo tangu soko la kwanza duniani, na watakuwapo. Hasira yangu ni kwa maprofesa waliokaa kwenye seneti, wakapitisha mtaala, wakapiga kura ya ndiyo. Hao walijua. Palikuwa na mwanakemia kwenye kikao kile, palikuwa na mwanafizikia, palikuwa na daktari. Walinyamaza.

Tunaponunua nyama buchani tunatazama muhuri wa mkaguzi wa mifugo. Hatukuwapo machinjioni, hatukuyaona maini wala mapafu. Tunauamini muhuri kwa kuwa tunaamini yupo aliyekagua kwa niaba yetu. Shahada ya sayansi ni muhuri wa aina hiyo. Mama wa kijijini hana maabara, hasomi majarida ya utafiti, hana muda wa kumhoji kila anayevaa koti jeupe. Anachoweza kufanya ni kusoma kibao kilichopigiliwa ukutani: mhitimu wa chuo kikuu fulani. Basi. Akishasoma hapo anamkabidhi mtoto. Chuo kinachogonga muhuri huo kwenye kitu ambacho hakikukaguliwa kimemsaliti mama yule pale pale, hata kabla dawa yenyewe haijafunguliwa.

Tueleze homeopathi ni nini, maana wengi wanadhani ni jina la kizungu la mitishamba. Sivyo. Iliasisiwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1796 na kuandika kitabu chake kikuu mwaka 1810. Kanuni ya kwanza inasema kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Sisi tuna methali isemayo dawa ya moto ni moto, na pengine ndiyo sababu kanuni hiyo inatuingia masikioni kwa urahisi. Lakini methali ni ya baraza na mashauri. Haimpimii mgonjwa dozi.

Kanuni ya pili ndiyo inayovunja kila kitu. Chukua tone moja la dawa, litie kwenye matone 99 ya maji au pombe, tikisa. Chukua tone moja la mchanganyiko huo, litie kwenye matone mengine 99, tikisa tena. Rudia mara 30. Hiyo ndiyo dawa ya 30C, inayouzwa madukani kila siku, na kwa mujibu wa mafundisho yao kadiri inavyozimuliwa ndivyo inavyozidi nguvu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa hesabu ya Avogadro anaweza kuikokotoa: ukishazimua mara 12 tu, molekuli ya mwisho ya dawa inaelekea kutoweka. Ukifika mara 30, ungehitaji tufe la maji lenye upana wa kutoka hapa duniani hadi kwenye jua ili upate molekuli za kuhesabika za kile kilichoandikwa kwenye chupa. Mgonjwa anameza maji, au sukari iliyowahi kuguswa na maji. Wanaofundisha haya wanajibu kwamba maji yana kumbukumbu. Maji gani hayo yanayokumbuka tone la Hahnemann yakasahau kila kitu kingine kilichowahi kupita ndani yake, mto baada ya mto, choo baada ya choo? Hakuna jaribio lililorudiwa na watu huru likathibitisha kumbukumbu hiyo. Hakuna hata moja.

Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ushahidi mkubwa dhidi yao umo katika hadithi yao wenyewe.

Mwaka 1790 Hahnemann alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen. Alipofika kwenye gome la mkwinini, mti uliotoka Amerika ya Kusini na ambao Wazungu walikuwa wakiutumia kutibu homa kwa zaidi ya miaka mia, aliamua kulinywa mwenyewe akiwa mzima. Akasikia dalili zilizomkumbusha homa yenyewe. Kutokana na mwili mmoja, wa mtu mmoja, akajenga sheria ya kutibu magonjwa yote ya wanadamu wote. Gome lile lilikuwa mikononi mwake. Lilikuwa na tiba ya kweli ndani yake. Akafuata njia ya kulizimua mpaka lisibaki kitu.

Mwaka 1820, jijini Paris, wanakemia wawili, Pelletier na Caventou, walilichukua gome hilohilo wakauliza swali jingine: ni kitu gani ndani ya gome hili kinachoponya, na kipo kiasi gani? Wakakitenga. Kikaitwa kwinini. Kuanzia hapo daktari aliweza kupima kipimo, akajua kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru. Mkwinini ukapandwa Amani, kwenye milima ya Usambara, enzi za Wajerumani. Ukapandwa Kivu, na Bukavu kukawa na kiwanda cha kutengeneza kwinini. Wangapi kati yetu tuko hai kwa sababu mzazi, babu au bibi alitundikiwa dripu ya kwinini akanusurika? Gome moja, njia mbili. Moja ilitupa kwinini, nyingine ikatupa sukari, na hii ya pili ndiyo ambayo vyuo vikuu viliamua kuitunuku joho la sayansi miaka mia mbili baadaye.

Wala simulizi haiishii kwenye kwinini, na hapa ndipo tofauti inapokuwa wazi kuliko popote. Kwinini ilikuwa dawa kipenzi cha madaktari. Ilikuwa na historia, ilikuwa na heshima, wagonjwa waliiamini. Ilipotokea dawa mpya, artesunate, hakuna aliyesema tuiheshimu kwinini kwa kuwa ni mila ya hospitali zetu. Ziliwekwa kwenye mizani. Kuanzia 2005 hadi 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi 9 za Afrika, walipangwa kwa bahati nasibu, hawa kwinini, hawa artesunate. Baadhi ya watoto hao walikuwa Muheza na Korogwe, wengine Kilifi. Wengine walikuwa Uganda, Rwanda na Kongo. Waliotibiwa kwa kwinini, asilimia 10.9 walifariki. Waliotibiwa kwa artesunate, asilimia 8.5. Ukitazama haraka utaona tofauti ndogo. Ndani yake kuna watoto wanaotembea leo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake, na kwinini, baada ya utumishi wa karne na nusu na zaidi, ikaambiwa kaa pembeni, atangulie mwenzako.

Hiyo ndiyo sayansi. Sayansi inakubali kumwaga damu ya dawa yake yenyewe. Nawauliza wanaofundisha homeopathi chuoni: tangu 1796, ni dawa gani yenu mliyoipima, mkaiona haifai, mkaitupa? Nitajieni moja. Elimu isiyowahi kutupa kitu chochote kwa miaka zaidi ya mia mbili haikuwahi kujifunza chochote, na haina haki ya kuketi kwenye kitivo cha sayansi.

Ndiyo maana walificha. Mwaka 2006 Colquhoun aliomba, kwa sheria ya uhuru wa habari ya Uingereza, aonyeshwe wanachofundishwa wanafunzi wa shahada ya homeopathi katika chuo cha University of Central Lancashire, mjini Preston. Ombi jepesi kabisa. Chuo cha umma, kozi ya umma, onyesheni madaftari. Chuo kikakataa. Akapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Habari, na mwaka 2009 Kamishna akaamua kwamba madaftari hayo yatolewe. Chuo kikakata rufaa. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba kufichua yaliyomo kungedhuru maslahi yake ya kibiashara. Desemba 2009 kikashindwa.

Soma tena hoja ile, ndugu msomaji, uipime. Mwalimu wa fizikia anaogopa nini mtu akiona anachofundisha kuhusu umeme? Vitabu vyake viko maktaba, viko mitaani, mtoto wa fundi redio anavisoma bure. Anayeficha somo lake lisionekane na umma anajua mwenyewe litakavyoonekana likitolewa hadharani. Na kwa chuo kingine, cha Westminster, vipande vya mihadhara vilivuja vikaonekana: wanafunzi wa shahada ya sayansi walikuwa wakifundishwa kwamba jiwe la amethisti hutoa nguvu ya yin inayorekebisha nguvu za mwili. Jiwe! Watoto wa watu wamekopa fedha za ada, wameacha kazi, wamekuja chuo kikuu, wanafundishwa kwamba jiwe linatoa nguvu ambayo hakuna kipimo kimewahi kuiona.

Wapo watakaosema nawaonea watu wa tiba mbadala, kwamba sayansi haikuwapa nafasi. Ilipewa nafasi, na kwa heshima zote. Mwaka 1993 chuo cha Exeter kilimteua Edzard Ernst kuwa profesa wa tiba mbadala. Hakuwa adui. Alianza udaktari wake katika hospitali ya homeopathi mjini Munich. Alichofanya yeye ni kile ambacho chuo kikuu kinatakiwa kufanya: akapima. Kilichofaa alisema kinafaa, na vilikuwapo vichache, mathalani mmea mmoja unaowasaidia wenye sonona isiyo kali. Kisichofaa alisema hakifai, na homeopathi ilikuwa humo. Waliompigia makofi alipoteuliwa waliacha kupiga makofi majibu yalipotoka. Mwaka 2010 kamati ya sayansi ya Bunge la Uingereza ikafikia uamuzi uleule, kwamba homeopathi haina nguvu kuliko kidonge bandia. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia, baada ya kupitia tafiti 176, halikupata ugonjwa hata mmoja ambao pana ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathi inautibu.

Baada ya kelele, milango ilianza kufungwa. Central Lancashire waliacha kudahili wanafunzi wa homeopathi mwaka 2008, wengine wakafuata. Chuo cha Barcelona kiliifuta shahada yake ya uzamili mwaka 2016. Lille nchini Ufaransa na chuo cha udaktari cha Vienna wakachukua hatua mwaka 2018. Lakini msidhani vita vimekwisha. Mwaka 2017 chuo cha California, tawi la Irvine, kilipokea ahadi ya dola milioni 200 kutoka kwa familia ya tajiri anayependa tiba mbadala, ili kuiingiza katika elimu yote ya afya ya chuo. India inatoa shahada kamili ya homeopathi, na tangu 2014 ina wizara inayosimamia tiba hizo. Karibu zaidi nasi, Durban na Johannesburg, vyuo vya umma vinaifundisha. Kila mahali sababu ni ileile: fedha. Kozi ya homeopathi haihitaji maabara ya gharama, na wateja wapo tele. Chuo kinachohesabu wanafunzi kama muuza duka anavyohesabu wateja hakitauliza kama bidhaa ni ya kweli.

Sasa nije kwenye hoja inayotugusa sisi, ninayoisikia kila jambo hili likitajwa: kwamba kuikosoa tiba mbadala ni ukoloni, ni kudharau mila za Mwafrika, ni kuwatukana mababu zetu.

Kwanza, homeopathi haikuzaliwa Ugogo wala Usambara. Ilizaliwa Ujerumani. Anayeitetea kwa jina la mababu zetu anaiba majina ya mababu zetu. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka tiba asili na tiba mbadala chini ya baraza moja, na kutokana na hapo watu wamezoea kuzitaja kwa pumzi moja. Ni vitu viwili. Mti una kemikali ndani yake, unaweza kuponya na unaweza kuua. Sukari ya homeopathi haina kitu.

Pili, na hili ndilo ninaloamini kwa moyo wote, dharau halisi ni kuusamehe mti wetu mtihani. Unaposema mwarobaini usipimwe kwa kuwa ni wetu, umeshakubali moyoni kwamba ukipimwa utashindwa. Mimi nasema upimwe, na vyote vya wazee wetu vipimwe, kwa ukali uleule unaotumika kwa dawa ya Geneva au Mumbai, kwa sababu ndani yake inawezekana mna hazina.

Mnaukumbuka mseto tunaomeza kila tukiumwa malaria? Kiungo chake kikuu kimetoka kwenye mmea wa jamii ya pakanga, Artemisia annua, uliotajwa katika kitabu cha tiba cha Mchina Ge Hong cha karne ya 4. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Tu Youyou na wenzake walipitia maelezo ya dawa za kienyeji yapatayo 2,000. Hawakusema kitabu ni cha kale basi ni kweli. Walijaribu mmea baada ya mmea, na hata pakanga yenyewe mwanzoni ilileta majibu yasiyotabirika. Ndipo Tu Youyou aliporudi kwa Ge Hong, akaona kwamba mzee yule aliloweka majani kwenye maji na kuyakamua, hakuyachemsha. Akashuku kwamba moto ndio unaoua dawa. Mwaka 1971 akatumia etha, kwa joto la chini, na dawa ikatoka. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake waliinywa kwanza. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Hiyo ndiyo heshima kwa mababu. Neno la mzee wa karne ya 4 lilisikilizwa kwa makini kiasi cha kutazama alilowekaje majani. Na liliposikilizwa likapelekwa maabara, likatoka kidonge chenye kipimo kinachookoa mtoto wa Kagera ambaye Ge Hong hakuwahi kuota kwamba yupo. Hapo kwetu Muhimbili, kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa mwaka 1974 na leo ni taasisi kamili. Kazi ya kutenga, kupima sumu, kupima kipimo, kujaribu kwa binadamu kwa utaratibu na kwa ridhaa yao, ndiyo kazi ya chuo kikuu. Ipewe fedha. Inahitaji fedha nyingi kuliko inazopata. Ninachokataa ni njia ya mkato: kuandika mtaala, kukodi ukumbi, kutunuku shahada, halafu ndipo tuseme utafiti utafuata.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kama Babu, kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za kupunguza makali ya Ukimwi kwa kuamini wamepona, na familia zao zinajua yaliyofuata. Lakini nimpe haki yake marehemu Babu. Alisema ameoteshwa na Mungu. Hakudai ana maabara, hakudai ana shahada, hakuiita sayansi. Aliyekwenda alijua anakwenda kwa imani. Chuo kikuu hakina utetezi huo. Chuo kinaposema hii ni sayansi, kinamnyang'anya mgonjwa hata ile nafasi ya kujua kwamba anaamini tu.

Huwa naambiwa pia kwamba wagonjwa wenyewe wanasema wamepata nafuu. Bila shaka wanasema. Mafua huisha yenyewe ndani ya wiki, mgongo huuma leo ukatulia kesho, na mtu akisikilizwa saa nzima na mhudumu mpole hujisikia vizuri hata kama kidonge ni chaki. Ni kwa sababu hiyo hasa madaktari walibuni utaratibu wa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, asijue mgonjwa wala anayempima nani kapewa dawa na nani kapewa bandia. Utaratibu huo haukubuniwa kuwadhulumu waganga. Ulibuniwa kwa sababu madaktari waligundua kwamba wao wenyewe wanadanganyika. Mhitimu wa homeopathi anaambiwa chuoni kwamba ushuhuda wa mgonjwa unatosha, na akitoka hapo amefundishwa kutojikagua maisha yake yote.

Uhuru wa kitaaluma, je? Nautetea. Idara ya historia ifundishe habari za Hahnemann, maana ni sura muhimu katika historia ya tiba. Wanaanthropolojia wakaishi na waganga, waandike, wafundishe. Wanafamasia waichambue kila dawa ya Kariakoo na ya Gikomba. Kufundisha habari za kitu ni jambo moja, na kumpa mtu leseni ya kukitumia juu ya mwili wa mwenzake ni jambo jingine. Uhuru wa mhadhiri unakoma pale mgonjwa anapoanza.

Na wagonjwa tunaowazungumzia wana sura. Homeopathi ilishaletwa Afrika Mashariki kama tiba ya malaria na hata ya Ukimwi, na walioileta walikuja na vyeti. Mwaka 2009, baada ya madaktari na watafiti vijana wa Uingereza na Afrika kuandika barua ya wazi, Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba halipendekezi homeopathi kwa Ukimwi, kifua kikuu, malaria, mafua makali wala kuhara kwa watoto wachanga. Tazama orodha hiyo. Ni orodha ya makaburi ya watoto wetu. Kwa mwaka 2023 peke yake shirika hilo lilikadiria vifo 597,000 vya malaria duniani, karibu vyote barani Afrika, na wengi wa waliofariki hawakufikisha miaka mitano.

Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya zina mamlaka ya kukataa mtaala. Zitumie mamlaka hayo. Kozi yoyote ya tiba inayoomba jina la sayansi ilete majaribio yaliyofanywa kwa binadamu, yaliyorudiwa na watu wasio na hisa ndani yake; isipoyaleta, isipewe ithibati, iwe imetoka Ulaya, India au kijiji cha pili. Notisi za mihadhara ya kila kozi ya afya ziwe wazi kwa mwananchi yeyote anayetaka kuzisoma, asilazimike kupambana miaka mitatu kama Colquhoun. Nanyi wanasayansi mnaokaa kwenye seneti, siku faili la kozi kama hiyo litakapowekwa mezani, msitazame saa wala msisubiri mwenzenu aanze. Simameni, semeni hapana, na ombeni hapana yenu iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.